Waliokaa naye meza moja

Wakubwa zangu shikamooni. Na nyie wadogo zangu mliojazana huko nyuma mpaka mlangoni mambo vipi, karibuni, wenye nafasi sogeeni kidogo wenzenu wakae.

Nianze na viza. Mwishoni mwa miaka ya 80 kule Japani kulikuwa na timu inatengeneza gemu ya Final Fantasy, ile ya pili na baadaye ya tatu, na kwenye hiyo timu programa mkuu alikuwa mmoja, Mmarekani mzaliwa wa Iran anaitwa Nasir Gebelli, huyu ndiye aliyekuwa anajua kuikamua ile mashine ya gemu ya Famicom mpaka itoe vitu ambavyo wengine walikuwa wanashangaa vimetokaje. Kazi iko katikati viza yake ikaisha muda, ikabidi arudi kwake Sacramento, California. Sasa hebu jiulize, wewe ndiye mkuu wa hiyo kazi, unafanyaje? Wengi wetu hapa tungetafuta programa mwingine na maisha yaendelee. Hironobu Sakaguchi na timu yake walifunga vifaa vyao, wakapanda ndege, wakamfuata mtu wao mpaka Sacramento na gemu ikamaliziwa hukohuko.

Nimeanzia hapo makusudi. Kila nikikutana na vijana wanaotengeneza gemu maswali ni yaleyale, kaka tutumie injini gani, kaka kompyuta yenye ram ngapi inatosha, na siyakatai hayo maswali yana maana yake, ila leo naomba tumfuate huyu mzee Sakaguchi, aliyeianzisha Final Fantasy, toka alikoanzia mpaka juzijuzi na kila kituo tuulize jambo moja, hapa alikuwa amekaa na nani? Kwa sababu mimi nimesoma habari zake miaka mingi, nimecheza karibu kila alichogusa, na naamini kabisa kwamba kipaji chake kikubwa hakikuwa kuandika stori wala kupanga mapigano, kilikuwa ni kujua mtu. Akimuona mtu anajua huyu akae wapi na nani.

Kazaliwa Novemba 1962 mji wa Hitachi, mkoa wa Ibaraki. Akaenda Chuo Kikuu cha Taifa cha Yokohama kusoma uhandisi wa umeme na hakumaliza, mwaka 1983 yeye na rafiki yake Hiromichi Tanaka waliingia kufanya kazi ya muda kwenye ofisi inaitwa Square na masomo yakaishia hapo. Na msidhani Square ya wakati ule ni hii mnayoijua nyie. Ilikuwa tawi tu la kampuni ya shughuli za umeme inaitwa Den-Yu-Sha, yaani nguzo na nyaya, na mtoto wa mwenye kampuni, Masafumi Miyamoto, ndiye aliyeona huku kwenye gemu za kompyuta kuna kitu. Miyamoto alikuwa na wazo moja ambalo leo linaonekana la kawaida kabisa, kwamba gemu isiwe kazi ya mtu mmoja anayejifungia chumbani anaandika kodi za kompyuta, anachora yeye, anatunga yeye, bali mchoraji, mwandishi na programa wakae pamoja kila mtu afanye anachokiweza. Enzi zile gemu nyingi zilitengenezwa na mtu mmoja mmoja! Sakaguchi alikulia kwenye hilo wazo, akiwa na miaka 20 hivi, na nadhani halikumtoka tena.

Gemu zake za mwanzo sitazikalia sana. The Death Trap mwaka 1984, mwendelezo wake 1985, za kompyuta za Japani, unasoma maandishi unaamua cha kufanya. 1986 Square ikajitenga ikawa kampuni yenyewe, wakahamia kwenye Famicom, mashine ya Nintendo, wakatoa King's Knight, halafu 1987 3-D WorldRunner na Rad Racer, hizi mbili programa wake ni Gebelli huyohuyo. Hazikuwa mbaya. Ila Sakaguchi moyo wake haukuwa huko, alikuwa anapenda Wizardry na Ultima, RPG za Marekani, zile gemu ambazo unaishi ndani ya mhusika, anakua, anapata nguvu, anasafiri, na alikuwa ameshaiomba kampuni imuache atengeneze ya kwake wakamkatalia kwa hofu kwamba haitauzika. Kilichowafungua macho ni Dragon Quest, RPG ya kampuni ya Enix, ilitoka Mei 1986 Japani nzima ikaipenda. Baada ya hapo alipoomba tena aliruhusiwa.

Sasa sikilizeni hapa. Mwenyewe ameshasimulia kwamba pale ofisini alionekana bosi mkali na hawakuwa wengi waliotaka kwenda kukaa upande wake, walianza kijitimu kidogo sana cha watu wanaohesabika kwa vidole. Lakini angalieni hivyo vidole! Koichi Ishii, ambaye baadaye ndiye alianzisha mfululizo wa gemu za Mana. Akitoshi Kawazu aliyepanga mapigano, baadaye akaanzisha SaGa. Gebelli kwenye kodi, na huyu wala hakuwa mtu wa RPG, ilibidi aelezwe hiyo aina ya gemu ni kitu gani, na bado akachomeka humo kijimchezo cha kupanga namba 15 ambacho hakuna aliyemtuma. Michoro wakampa Yoshitaka Amano, mchoraji aliyekuwa ameshajijengea jina kwenye katuni na majalada ya vitabu, mtu wa wino na rangi za maji, mistari myembamba kama moshi, halafu hiyo michoro ije ikae kwenye kijipicha cha nukta chache za Famicom. Ukiiweka michoro ya Amano pembeni ya kile kinachoonekana kwenye tivii unaona kama havihusiani kabisa, ila mchezaji akifungua kijitabu kilichokuja na gemu akamuona yule shujaa wa Amano, basi usiku mzima anachocheza kichwani ni kile cha Amano. Hiyo ni akili kubwa jamani.

Na muziki. Nobuo Uematsu hakusomea muziki, alijifundisha mwenyewe kinanda, na alikuwa anafanya kazi kwenye duka la kukodisha muziki karibu na ofisi za Square. Mtu wa Square aliyekuwa anapita pale akamuuliza kama angependa kuwatungia muziki wa gemu. Ndio hivyo tu, hakuna usaili wa siku tatu. Ule wimbo wa mwanzo, zile noti zinazopanda na kushuka kama maji yanadondoka, ambao umesikika karibu kila Final Fantasy toka hapo mpaka leo, Uematsu amesimulia kwamba Sakaguchi alimjia kazi inaelekea mwisho akataka kipande kimoja zaidi na akakitunga kwa muda mfupi sana. Nawaambieni kila nikiusikia nywele zinanisimama, mpaka leo, mtu mzima mimi.

Gemu ilitoka tarehe 18 Desemba 1987. Kampuni ilipanga kupeleka sokoni kopi laki mbili. Sakaguchi akawakomalia wakubwa zake wapeleke laki nne, hoja yake ilikuwa rahisi, kwamba kwa laki mbili hata zikiisha zote haitatosha kuwepo na ya pili. Wakakubali. Na zikauzika. Kuhusu hilo jina, miaka mingi watu tumesimuliana kwamba aliiita ya mwisho kwa sababu kampuni ilikuwa inakufa, na ni kweli hali ilikuwa ngumu na yeye alishasema ingefeli angerudi chuo, akiwa amepitwa na wenzake wote hana hata rafiki darasani. Ila mwaka 2015 alieleza kwamba walichokuwa wanataka ni herufi mbili, F na F, Wajapani waweze kuzitamka kwa urahisi, walifikiria kwanza Fighting Fantasy wakakuta jina lina mwenyewe, wakachagua Final. Mimi napenda ukweli huu kuliko ile hadithi ya kufa. Watu walikaa mezani wakatafuta neno.

Halafu hapa kuna jambo ambalo nadhani watu wengi hawalitilii uzito. Final Fantasy ya pili, 1988, haiendelei na ya kwanza. Wahusika wapya, dunia mpya, hata namna ya kukua ni nyingine, Kawazu alifuta ile ya kupanda daraja, ukitumia upanga unakuwa hodari wa upanga, ukipigwa sana unakuwa mgumu. Ya tatu, 1990, dunia mpya tena na kazi za kubadilisha kama nguo, leo mchawi kesho mwindaji. Ya nne, 1991, Hiroyuki Ito akaleta mapigano yanayokwenda na muda, hausubiriwi, ukizubaa unapigwa, na hilo wazo Ito amesema alilipata akiangalia mbio za magari ya Formula 1. Ya tano ni 1992. Yaani kila mwaka au miwili mtu anavunja nyumba aliyoijenga na watu wanaipenda, anaanza msingi upya. Fikirieni nyie mkitengeneza kitu kimoja kikapata watu nusu milioni, nani atakubali kukifuta?

Na katikati ya hizo, wakati wa kutengeneza ya tatu, mama yake alifariki.

Sitaki kuipita hii haraka. Amesema toka siku ile amekuwa akifikiria uhai, uhai ni nini, unapotoka unakwenda wapi, na kwamba swali hilo halikumuacha kwenye kazi zake zilizofuata. Mimi nilikuwa sijui hayo nilipocheza Final Fantasy VII. Nilikuwa mtoto wa Tanga, kulikuwa na kibanda cha gemu mtaani kwetu, unalipa kwa nusu saa, na wenzangu wote wanacheza mpira na kupigana. RPG hakuna aliyetaka, nusu saa nzima unasoma maandishi ya Kiingereza, waliokaa kwenye benchi wanazomea. Nikajinunulia memori kadi yangu mwenyewe, ile ya nafasi 15, natembea nayo mfukoni, nikipata hela ya nusu saa naichomeka naendelea pale nilipoishia, miezi na miezi. Mle ndani kuna kitu kinaitwa mkondo wa uhai, kila anayekufa anarudi ardhini anaungana na uhai wa sayari, na ndio huo unatoka tena kuwa mti, ndege, mtoto. Kuna mhusika anakufa, waliocheza wanamjua, siwezi kuwaharibia wengine. Mwaka ule ndio tulimzika bibi yangu. Nilikuwa sina wa kumuuliza, watu wazima wako kwenye shughuli zao za msiba, na gemu ya kutoka Japani, kwenye disku ya kuchoma, ndiyo ilikaa na mimi ikaniongelesha juu ya kifo. Baadaye sana, nishakuwa mtu mzima, ndio nikaja kusoma habari za mama yake Sakaguchi, na nikaelewa kwamba yule aliyekuwa ananiongelesha na yeye alikuwa amefiwa.

Samahanini. Naendelea.

Baada ya ile ya tano alikaa miaka mingi bila kukalia kiti cha mkurugenzi wa gemu, alikuwa mzalishaji, na watu wengi wanaona kama alipanda cheo akaacha kazi. Mimi naona hapo ndipo kazi yake hasa ilipoanza. Final Fantasy VI, 1994, aliwapa wawili, Ito upande wa mapigano na Yoshinori Kitase upande wa matukio. Kitase alikuwa kijana aliyesomea filamu, kaingia Square hajui lolote la kutengeneza gemu, na Sakaguchi akampa matukio kwa sababu hiyohiyo ya filamu, kwamba huyu anajua kupanga sini. Tetsuya Nomura alikuwa mchoraji wa mazimwi kwenye ile ya tano. Wenzake wakiandika mapendekezo yao kwa kompyuta yeye alikuwa anayaandika na kuyachora kwa mkono, na Sakaguchi akayaona, na mwaka 1997 huyo mchora mazimwi ndiye aliyechora wahusika wote wakuu wa VII. Tetsuya Takahashi alikuwa mchoraji wa picha kwenye IV mpaka VI, akaja kutengeneza Xenogears, akaondoka akaanzisha Monolith Soft, na mkicheza Xenoblade leo mnacheza kazi ya huyo.

Na Yasunori Mitsuda jamani, huyu alikuwa fundi wa sauti, anatengeneza milio, moyo wake uko kwenye kutunga. Akamwendea Sakaguchi akamwambia waziwazi ama apewe gemu atunge muziki ama anaacha kazi. Bosi gani wa kwetu angelisikia hilo akabaki ametulia? Sakaguchi alimpa Chrono Trigger. Na siyo kijigemu cha pembeni, ile ndiyo gemu ambayo Sakaguchi aliiwaza na Yuji Horii, mwenye Dragon Quest, yaani mpinzani wake kabisa, pamoja na Akira Toriyama mchoraji, watatu walisafiri pamoja Marekani mwaka 1992 kuangalia picha za kompyuta wakarudi wameamua watengeneze kitu kimoja. Kazi hiyo ndiyo akakabidhiwa kijana ambaye alikuwa hajawahi kutunga muziki wa gemu nzima. Mitsuda akajituma mpaka akaugua vidonda vya tumbo, Uematsu akaingia akamalizia vipande vilivyobaki. Ilitoka Machi 1995. Muziki ule kausikilizeni leo usiku, na mkisikiliza kumbukeni kwamba nyuma yake kuna mtu aliyekubali kuambiwa naacha kazi na hakuhamaki.

Kuhama Nintendo kwenda Sony mwaka 1996 kumeandikwa sana, sirudii yote. Kwa kifupi katriji za Nintendo 64 hazikuwa na nafasi ya kile walichotaka kukifanya na disku za PlayStation zilikuwa nayo, VII yenyewe ilijaza disku tatu. Ile stori ya kwanza ambayo Sakaguchi aliiandika ilikuwa ya mpelelezi mjini New York, wakaibadilisha. Timu ikavuka watu mia. Ilitoka tarehe 31 Januari 1997, Japani peke yake zikauzika zaidi ya milioni 2 siku tatu za mwanzo, na kwa miaka iliyofuata duniani kote zimepita milioni 10.

Hapo ndipo alipofikiria filamu, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu kuna watu wanamcheka kwa hili na mimi sipendi.

Square wakajenga studio Honolulu, Hawaii, kutengeneza filamu nzima kwa kompyuta, binadamu wa kompyuta wanaoonekana kama watu kweli. Final Fantasy: The Spirits Within. Yule mhusika mkuu, Aki Ross, alikuwa na nywele elfu 60 na kila unywele unakwenda peke yake. Swali la mama yake limo tena mle, sayari na roho yake, uhai unakokwenda, nendeni mkaangalie mtaliona. Bajeti ikafika dola milioni 137. Ikatoka Julai 2001, ikaingiza kama dola milioni 85 dunia nzima, na hiyo mjue hairudi yote kwa mtengenezaji. Square ikaumia vibaya sana, Sony ikanunua asilimia 18.6 ya hisa, Sakaguchi mwaka huohuo akawa ameachia cheo chake kwenye uongozi, studio ya Hawaii ikafungwa mwanzoni mwa 2002, mazungumzo ya kuungana na Enix yakachelewa, muungano wenyewe ukaja Aprili 2003.

Mimi mwenyewe naona kosa halikuwa kuthubutu. Mtu aliyethubutu laki nne badala ya laki mbili ndiye huyuhuyu. Ninachokiona ni kwamba alihama na ile meza. Kwa miaka yote kumi na kitu nguvu yake ilikuwa kukaa karibu na watu anaowajua mpaka wanavyochora, sasa yuko kisiwani, na studio mpya, kazi ya ufundi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya kwa ukubwa ule, na huku Tokyo wale vijana wake wanatengeneza VIII na X bila yeye kuwa nao kila siku. Ile aliyoishikilia kwa karibu kipindi hicho ni IX, ya mwaka 2000, stori yake, na sehemu ya kazi ilifanyika hukohuko Hawaii, na amesema katika zote hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na kile alichokuwa anakitaka. Mimi pia ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kale kachawi kadogo Vivi, kanakuja kujua kwamba kametengenezwa na muda wake wa kuishi ni mfupi, na kanauliza maswali ambayo mimi nilikuwa nayo kwenye kile kibanda.

Nami yalinikuta kwa udogo wangu. Tulikuwa wanne tunatengeneza gemu ya simu, tulipopata hela za mfadhili tukagawana kazi kila mtu akawa anafanyia kwake, tunatumiana faili tu, na ndani ya mwaka hatukuwa timu tena, hatukugombana, tulipotezana. Kodi ninayo mpaka leo. Wenzangu sinao. Ndio maana nikisoma habari za Sacramento naishia kuwaza.

Mwaka 2004 akaanzisha Mistwalker, kampuni ndogo. Microsoft ikaweka hela, walikuwa wanataka mashine yao ya gemu, Xbox 360, ipendwe Japani. Na aliwaita akina nani? Uematsu. Toriyama. Wakatoa Blue Dragon mwaka 2006. Mwaka uliofuata ikaja Lost Odyssey, wahusika kachora Takehiko Inoue, mchora katuni, na stori ni ya mtu anaitwa Kaim ambaye ameishi miaka elfu moja na hawezi kufa, kila aliyempenda anamzika. Sakaguchi alimleta mwandishi wa vitabu Kiyoshi Shigematsu aandike kumbukumbu za huyo Kaim, zaidi ya 30, na zinapotokea hakuna mapigano, ni maandishi tu kwenye skrini na muziki wa Uematsu taratibu. Kuna ya kwanzakwanza ya msichana mgonjwa ambaye Kaim humletea hadithi za safari zake. Nililia mbele ya mke wangu. Xbox haikushika Japani, na kwetu waliokuwa nayo wachache, kwa hiyo gemu hii imepita watu wengi hawajaigusa, na nasikitika kwa hilo kuliko ninavyosikitika kwa ile filamu.

Kiti cha mkurugenzi wa gemu alirudi kukikalia na The Last Story ya Wii, mashine ya Nintendo, Januari 2011, miaka 18 toka ile ya tano. Wachezaji wa Marekani ilibidi wafanye kampeni ya kuomba iletwe kwao, ikafika 2012. Baadaye akatengeneza za simu, Terra Battle mwaka 2014, tuiache hiyo.

Fantasian ndiyo ninayotaka kumalizia nayo. Yeye na wenzake wa zamani, akina Kitase, walikaa wakaicheza tena Final Fantasy VI mbele ya watu, wazee wanaangalia kazi ya ujana wao, na amesema hapo ndipo hamu ya kutengeneza RPG ya namna ile ikamrudia. Akarudi na wazo ambalo kwa mwaka 2021 lilikuwa la ajabu, dunia ya gemu ijengwe kwa mkono. Siyo kuchorwa, kujengwa! Zaidi ya mandhari ndogo 150, vijiji, mapango, meli, vijikombe juu ya meza, mafundi waliozoea kujenga miji midogo ya filamu za mazimwi ya Kijapani wakazijenga kwa mbao na rangi na gundi, zikapigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta, wahusika wakatembezwa juu yake. Ukicheza unaona alama ya brashi. Unaona kivuli cha kweli cha taa ya kweli. Mtu yuleyule ambaye miaka 20 nyuma alikuwa anahesabu nywele elfu 60 za kompyuta sasa anaomba fundi amchongee kibanda. Na muziki ni Uematsu tena, aliyekuwa ameshapumzishwa na maradhi mwaka 2018, akaandika gemu nzima na kusema huenda isitokee nyingine nzima baada ya hiyo. Ilitoka sehemu mbili, Aprili na Agosti 2021, kwenye Apple Arcade, huduma ya gemu ya Apple, na Sakaguchi mwenyewe aliiona kama kazi yake ya kuagia.

Mwaka huohuo wakamuandalia mazungumzo na Naoki Yoshida, yule aliyeiokoa Final Fantasy XIV, ile inayochezwa na watu wengi pamoja mtandaoni, ilipokuwa imekufa, na ili asiende mikono mitupu akaanza kuicheza. Hakutoka. Mzee wa watu akawa mle ndani siku na siku anacheza na vijana wasiomjua ni nani, kwenye dunia yenye jina alilolitafuta yeye na wenzake kwa herufi mbili, anapigana na mazimwi yenye majina aliyoyaacha. Yeye na Yoshida wakawa marafiki. Na kutokana na urafiki huo kikosi cha Yoshida ndani ya Square Enix kikaibeba Fantasian, kikaitoa upya kwa jina la Fantasian Neo Dimension, PlayStation, Switch, Xbox na kompyuta, tarehe 5 Desemba 2024. Nilipoifungua kwa mara ya kwanza nilisimamisha pale mwanzoni kabisa kabla ya kubonyeza chochote, zinapotokea nembo, Mistwalker na Square Enix, moja baada ya nyingine. Toka aondoke ilikuwa imepita miaka 20 na zaidi. Kuaga kwenyewe ameshakughairi, amesema yuko kwenye nyingine.

Nimewaletea mashine hapo pembeni, Fantasian iko ndani, na ile memori kadi yangu ya nafasi 15 iko juu ya meza mkitaka kuiona. Dada pale mbele nimeona mkono wako muda mrefu, mpeni maiki.